Twiga Mwenye Shingo Iliyopinda

Mpwa wangu ambaye sikuwahi kukuona,

Niaje. Sauti yangu unaijua. Ni mimi nilikuwa naongea na wewe kupitia tumbo la mamako pale nyumbani Satellite, nikikuambia utoke upesi uone mjomba mwenye sura nzuri kuliko babako. Ulikuwa unapiga teke. Mamako akasema unakataa. Mimi nilijua unakubali.

Unakumbuka zile kadi za bebi shawa yako, ile sherehe ya kukungoja uzaliwe? Mamako hakutaka kualika watu kwa simu. "Mgeni wangu ashike kitu mkononi," alisema. Na fundi alikuwa nani? Mimi. Shule ilinishinda kidato cha pili, sawa, lakini nipe makasi na karatasi ya manila halafu ukae mbali. Nilishuka mjini kununua vitu kwa duka la Mhindi, mzee akanitazama juu ya miwani. "Kijana, unaoa?"

"Mzee, hii ni kubwa kuliko harusi. Nafanywa mjomba!"

Akanikatia utepe wa njano bure.

Tukakaa sebuleni, mimi nakata, mamako anachora. Simba wangu alikuwa na manyoya ya sufi. Tembo ukimfungua masikio, ndani unasoma siku na mahali. Pundamilia alitoka kama punda amevaa jezi, mamako akacheka mpaka akashika kiuno. Wewe ndiwe ulikuwa meza yetu, maana kadi aliiweka juu ya tumbo. Alipofika kwa shingo ya twiga, ukapiga teke. Kalamu ikaruka, shingo ikapinda kama bomba la sinki.

"Huyo ameharibika, tupa," nikasema.

"Wacha wewe! Amejichorea mwenyewe. Hii ni kadi yake."

"Mtoto anaalikwa kwa sherehe yake?"

"Si ndiye mgeni wa heshima? Asipoalikwa atakujaje?"

Ndani akaandika neno moja tu: Karibu.

Nyanya yako alipiga simu kutoka Bungoma, akatuonya kwamba mtoto haandaliwi kabla hajaonekana. Nikamjibu, "Mama, hapa ni Nairobi, huyu amekuja na ratiba yake."

Wiki ya sherehe ukaacha kucheza. Tukakimbia hospitali, Upper Hill. Babako alipotoka kwa daktari alishika ukuta. Nyanya yako alifika, na mpaka leo hajasema "niliwaambia". Afadhali angesema.

Kazi niliyopewa ilikuwa kuzunguka nikichukua kadi tulizogawa. Babako alisema simu haitoshi. Kadi ikibaki kwa mtu, kuna siku atasahau, aje na nepi zimefungwa utepe. Rafiki ya mamako kule Uthiru alikuwa amebandika tembo kwa friji. Akafungua mlango akicheka, hakuwa amesikia. "Mjomba! Kadi zako ni moto!"

Mimi, na huu mdomo wote, nilinyoosha mkono tu kwa yule tembo. Akanitazama, akaacha kucheka, akaenda akambandua tembo pole pole ili masikio yasichanike.

Sasa wanyama wa wageni wote wako ndani ya mfuko chini ya kitanda changu. Kuwachoma siwezi. Kuwaangalia siwezi. Mamako haongei. Nimejaribu utani, nikamwambia kwamba babako anasonga ugali kama saruji, hata hakugeuka. Kila asubuhi najiambia leo nitapata kitu cha kumchekesha, na kila asubuhi sina.

Jana nilimwona mamako amelala na kadi ya twiga kifuani. Nikadhani hiyo ndiyo inamuumiza, nikaivuta taratibu. Akafungua macho, akasema neno lake la kwanza tangu turudi.

"Hiyo ina mwenyewe."

Basi nikaiacha. Kadi za wageni wote zimerudi. Ni yako tu iko nje, na bado imeandikwa Karibu.

Lala, mtoto wetu. Kuna watu wananiambia nisijiite mjomba tena, lakini kwako sina jina lingine.

Mjomba wako