Siku Barabara ya Sognefjellet Ilipofunguliwa

Bøverdalen, Lom
9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Sjur,

Pokea salamu zetu sote wa huku nyumbani. Hujambo huko Perth? Wifi Denise na watoto hawajambo? Kikohozi cha Leif kimepoa? Sisi tunapumua. Kondoo wamezaa vizuri, magoti yangu yananilalamikia kila nikipanda ngazi, na Mama anakula, japo kidogo.

Kwenye simu nilikuambia tu kwamba mama mdogo Oddlaug ametutoka, halafu nikakata. Usidhani nilikuwa nalia. Nilikuwa na hasira, Sjur, hasira ya kutetemesha midomo, na bado ninayo. Kwa hiyo kaa chini usome.

Desturi ya Mama unaijua. Barabara ya mlimani ikifunguliwa baada ya theluji ya majira ya baridi, yeye huvuka siku ile ile ya kwanza kwenda kumwona mdogo wake kule kijijini Skjolden, lefse zake, ile mikate myembamba, na jibini ya kahawia amezipakata. Mwaka huu Ingunn wa mama mdogo alipiga simu barabara ikiwa bado imefungwa: mama yake hali ni mbaya, na hamuulizii mtu mwingine ila dada yake. Basi asubuhi lile geti lilipoinuliwa, sisi tulikuwa hapo hapo, injini inanguruma.

Lakini mbele yetu likajichomeka gari la watalii, yale ya kulala ndani, kubwa kama ghala. Kupita huwezi, kuta za theluji kulia na kushoto. Kila kilipotokea kilele kipya, wao breki, katikati ya barabara! Mwanamume anashuka na kandambili, mke anaikumbatia theluji apigwe picha. Jua lilikuwa linawaka, milima yote ya Jotunheimen inang'aa mpaka macho yanauma, na mimi uzuri wote ule ulinichefua.

Nyuma yetu foleni ya watu wa huku huku kwetu. Unafikiri walifanya nini? Walizima injini wakamimina kahawa kutoka kwenye chupa zao, kimya, kama wako kanisani.

Mkono wangu ukaenda kwenye honi. Mama akaupiga kofi.

“Wee Gunnvor! Utawapigia watu honi kama mlevi?”

“Mama, mdogo wako anakufa!”

“Wao watajuaje? Wamekuja kutembea. Waache.”

“Basi nishuke niwaombe kwa adabu.”

“Kaa hapo. Wataondoka tu.”

Wakaondoka, ndiyo, wakaenda mpaka kona ya pili wakasimama tena. Safari hii wakatoa meza. Meza, Sjur! Na viti! Yule mama akaanza kukata mkate katikati ya barabara ya taifa. Nikamtazama Mama. Kidevu kilikuwa kinamcheza. Mara akafungua mkanda, akaniegemea mzima mzima, akaikandamiza honi kwa mikono yote miwili na hakuiachia. Na gari la nyuma likapiga. Na la nyuma yake. Mlima mzima ulipiga kelele! Kumbe wote walikuwa wamekaa wanangoja mwenzao aanze, wanafiki wakubwa. Yule bwana alikimbia na meza kichwani, akasogea pembeni, tukapita. Mama akafunga mkanda wake na kuanza kulia kwa aibu.

Tulimkuta mama mdogo macho, amekonda mpaka sikumtambua.

“Umechelewa,” akamwambia Mama. “Ulikuwa unajipamba?”

“Watu walikuwa wanapiga picha theluji.”

Wakacheka, wale bibi wawili, mpaka Ingunn akaja mbio kutoka jikoni. Na hapo katikati ya kicheko ndipo mambo yakafumuka. Mama mdogo alikuwa anaumwa tangu Novemba! Kila Jumapili wanaongea kwenye simu, na kila Jumapili anasimulia habari za ndege anaowalisha dirishani.

“Ningekuambia ungekuja,” akasema. “Nusu siku nzima ya kuzunguka kupita Stryn, na barafu ile. Sikutaka kukusumbua.”

“Mimi nilitamani kuja tangu Krismasi,” Mama akasema. “Niliona nitamsumbua Gunnvor.”

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani ya lefse mkononi. Kumsumbua Gunnvor! Gunnvor ambaye gari lake liko uani, matairi ya theluji yamefungwa, jioni nzima anafuma soksi ambazo hakuna mtu wa kuzivaa! Ningemzungusha mpaka Urusi kama angefungua mdomo. Niliwaambia yote hayo, kwa sauti, mbele ya mgonjwa, na sijutii. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sisi ukoo wetu umeapa kufa na tai shingoni.

Walipata siku moja. Walishikana mikono wakabishana nani aliyevunja bakuli la bibi yao, na kesho yake asubuhi mama mdogo akaondoka, Mama bado amemshika. Wangeweza kupata majira ya baridi mazima. Hilo ndilo linalonikaba.

Baada ya mazishi tulirudi kwa njia ile ile. Juu kabisa nilisimamisha gari, nikazima injini, nikamgeukia Mama. Nikamuuliza, “Na wewe je? Kuna kitu unanificha?”

Akasema, “Kipo. Lakini si cha kumtia mtu hofu.”

Kiko tumboni, Sjur. Daktari alimwambia mwezi wa pili. Mama amenikataza kabisa kukuandikia.

Msalimie sana wifi na uwabusu watoto. Ingunn anakusalimu na anashukuru kwa maua. Mungu awalinde nyote, awape safari njema, maana mtasafiri. Mama naye anakusalimu, anasema yeye ni mzima, na kwamba mwaka kesho ndio utakufaa zaidi kuja. Usimsikilize. Kata tiketi leo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na hasira zangu zote,
Gunnvor