Mtoto Asikae Jikoni

Gitega, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Amani iwe nawe hapo Mwakiro. Goti linaendeleaje? Maharage yalistahimili mvua? Mimi nipo, ila siwezi kusema mzima. Nimeona niandike, maana kwenye simu kikohozi kinanikatiza, nawe unaanza kulia kabla sijamaliza.

Nilienda kituo cha afya nikitegemea dawa ya mafua nirudi kazini. Muuguzi akanisikiliza mgongoni, akauliza, "Mama, we unavuta sigara?" Nikacheka. Mimi na sigara wapi na wapi. Akasema, "Basi ni ile moshi ya kuni. Iko na vumbi kadogo sana, macho haiwezi kuona, inashuka mpaka mu mapafu. Pale penye imeshaharibika, haiponi tena." Nilikaa kwenye benchi la nje.

Hapa shuleni tunawapikia wanafunzi kwa kuni mbichi za mikaratusi tangu alfajiri, na bomba la moshi limeziba, hata nguo zangu zote zinanuka moshi. Nikitoka nje nakutana na moshi wa pikipiki na wa wale wanaochoma matofali bondeni. Kifua hakina pa kupumzikia. Lakini hayo nimeyazoea.

Kinachoninyima usingizi ni mwanangu Divine. Ulisema anakohoa kwa baridi, ndiyo maana unamweka jikoni na kufunga mlango, moshi nao uzikaushe mbegu za mahindi zilizoning'inia juu ya moto zisiingie wadudu. Ndivyo ulivyotulea hata kule Tanzania tulipokuwa wakimbizi, wala sikulaumu. Lakini muuguzi anasema kifua cha mtoto kinaumia upesi kuliko changu. Mbegu zibaki na moshi wao, mtoto akae nje. Ukiona anahema haraka na mbavu zinabonyea, usimpe dawa za majani, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Nisalimie shangazi, na kaka yangu fundi baiskeli, na mama mkwe wake anayekusaidia kuchota maji.

Nilitaka kuishia hapo, lakini moyo umekataa. Ulisema ukimtoa Divine anarudi mwenyewe. Wewe ulinificha sababu, kaka ndiye aliyeniambia: mtoto anasema mle ndani mnanukia mama. Nimelia sana. Mwambie simo humo, mama. Akilia, mwache alie, ila mlango umfungie nje.

Ni mimi binti yako ninayekukumbuka,
Consolata