Chatu Chini ya Msolo

Jumapili, 1 Novemba 1953

Sijaandika humu tangu Julai. Ni uvivu, wala sitautafutia jina jingine. Darasani niliwaadhibu watoto kwa kosa dogo kuliko hili. Naomba radhi, ingawa hapa hakuna wa kunisamehe ila mimi mwenyewe, nami si mwepesi wa kusamehe.

Kilichonishughulisha ni banda la chatu. Limekwisha leo. Hatua kumi na mbili kwa nane, wavu wa waya pande zote na juu. Ndani nimepanda nyasi na matete, nimeweka gogo lililooza, nimefukia karai la maji. Katikati umo mti mchanga wa msolo niliouacha kwa sababu ya kivuli chake.

Chatu huyu nilipewa na dereva wa trekta nilipokuwa nafundisha Nachingwea, walipokuwa wakifyeka pori la kupanda karanga. Alikuwa na urefu wa mkono wangu. Sasa ana futi kumi na moja. Amekaa sandukuni vya kutosha. Kiumbe anastahili kuishi kama alivyoumbwa.

Asumini, mke wangu, hakubaliani nami. Chatu ni jike, naye humwita Bi Mdogo.

"Bi Mdogo kajengewa nyumba," alisema leo. "Mimi nangoja zamu yangu."

Nilikwenda kujaza maji karai.

Jumatano, 4 Novemba

Nilikaa mbele ya banda tangu saa mbili hadi saa tano. Sikumwona chatu.

Alhamisi, 5 Novemba

Sikumwona. Jirani yetu, Bibi Fatu, alichungulia akauliza kama siku hizi nafuga nyasi.

Ijumaa, 6 Novemba

Niliingia bandani kumtafuta. Nilichoka, nikaketi juu ya gogo. Mbele yangu palikuwa na gogo jingine. Kisha nikakumbuka kwamba niliweka moja tu.

Nilitoka bila kukimbia. Karibu bila kukimbia.

Jumanne, 10 Novemba

Msiba. Nilipobadilisha maji niliacha mlango wazi kwa dakika chache. Kuku wa Asumini, mtagaji wake bora, aliona nyasi nzuri akaingia kutaga. Chatu ana uvimbe katikati. Kosa ni langu. Nilizipanda nyasi vizuri mno.

Asumini alitoa mkeka wangu na sanduku langu la vitabu, akaviweka barazani.

Huku kwetu mke aliyekasirika hakimbilii kwao, maana yuko kwao. Mume ndiye mgeni. Nilipostaafu tulikuja kukaa hapa Nandagala kwa ukoo wake, kama desturi ilivyo. Nyumba ni yao, shamba ni lao. Mwenye neno ni kaka yake, Issa, anayekaa Narung'ombe. Asumini amempelekea ujumbe aje. Akisema niende, nitarudi Kiegei kwa dada yangu na sanduku kichwani, na ndoa ya miaka ishirini na miwili itakuwa imekwisha.

Sitaki iishe. Naliandika hapa kwa kuwa sijui kulisema.

Jumatano, 11 Novemba

Barazani. Mbu wengi. Nimekata shauri: shemeji akifika, nitamwambia kwamba namrudisha chatu porini. Kati ya hawa wawili sina haja ya kufikiri.

Jumamosi, 14 Novemba

Shemeji alifika kwa baiskeli, wazee wawili wakimfuata kwa miguu.

"Shemeji Mwalimu, nasikia umeoa mke wa pili."

"Ni mnyama, shemeji."

"Wengi huanza hivyo, wakijitetea."

Nilitaka kusema shauri langu. Akanizuia; anataka kumwona kwanza. Nikawapeleka bandani. Kwa mara ya kwanza chatu alikuwa peupe, amejikunja chini ya msolo, kichwa juu ya mwili.

Shemeji akavua viatu. Wazee nao wakavua.

"Asumini! Lete unga!"

"Wa nini tena, kaka?"

"Wa mtama! Usiniulize maswali mbele yake."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Chini ya msolo ndipo wazee wetu humwaga unga wanapoomba mvua na afya. Chatu akijikunja mahali kama hapo si wa kufugwa tena. Ametoka kwa waliotangulia. Haya nayajua tangu utotoni. Lakini niliutazama mti ule nikaona kivuli tu. Mgeni angesamehewa. Mimi ni mzaliwa wa Kiegei, wa desturi hizi hizi.

"Shemeji," nikasema, "nilimleta mwenyewe, ndani ya sanduku."

"Ulitumwa."

"Nilipewa na dereva wa trekta!"

"Naye alitumwa."

Walisoma Fatiha, wakamwaga unga.

Jumapili, 15 Novemba

Mvua imenyesha. Kubwa.

Niliwaeleza watu kumi na wanne kwamba mvua za huku huanza karibu na wakati huu kila mwaka. Wote walinisikiliza kwa adabu. Kisha wakanishukuru kwa mvua.

Alhamisi, 19 Novemba

Watu wanakuja na unga hata kutoka Ruangwa. Unga unaleta panya. Chatu anakula panya bila kuondoka alipo. Bibi Fatu amejiweka mlangoni, anawaamuru watu wavue viatu.

Nilimwambia shemeji kwamba namrudisha chatu porini. Alinitazama kwa huruma.

"Umrudishe kama nani?"

Kisha akatoa uamuzi wake. Mahali hapa panataka utulivu. Moshi wa jiko letu unamsumbua. Kwa hiyo atakayehama si nyoka. Ni sisi.

Asumini alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Kaka, nilikuita umtoe nyoka!"

"Nimemwona, dada. Hatoki."

Alinigeukia, mara ya kwanza tangu siku ya kuku, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi chini. Nami nikacheka. Haikuwa heshima mbele ya shemeji, lakini nilicheka.

Jumapili, 22 Novemba

Shemeji anatupa kiwanja Narung'ombe, karibu na mlango wake. Au twende Kiegei, kwa watu wangu. Huko Asumini ndiye atakayekuwa mgeni, jambo ambalo wanawake wa ukoo wake hawajapata kulifanya. Au abaki na kaka yake, niende peke yangu. Asumini hakulitaja hilo. Mimi nalifikiri kila saa.

Nimemwambia aamue yeye. Maisha yangu yote nimekuwa nikiwaambia watu la kufanya. Ilikuwa vigumu.

Jumanne, 24 Novemba

Manyunyu tangu asubuhi. Asumini alileta uji, akaketi karibu nami. Akauliza kama udongo wa Kiegei unakubali ufuta. Nikasema unakubali. Akauliza kama dada yangu ni msemaji sana. Sikuweza kusema uongo. Nikasema ndiyo, hasa asubuhi.

Akatikisa kichwa, akanywa uji wake.

Sasa anachambua mbegu za ufuta katika ungo. Hajasema zitapandwa wapi, nami simwulizi. Nitaandika akishaamua.