Kitambaa cha Meza ya Pasi Hakijakauka

Jumanne, 5 Machi
Leo balaa. Shati jeupe la mwalimu limetoka mezani na mstari wa njano mgongoni. Pasi niliipangusa mwenyewe asubuhi, safi. Kumbe ni kitambaa cha meza! Mjomba hakufoka. Miaka yote hii ya udobi, hajui kufoka. Kaniambia tu, mwanangu, unamfuta mtu uso kwa tambara la jikoni? Kivue ukifue.

Nimekivua. Kamba ya pindoni imejipiga fundo, nimeifungua kwa meno. Sponji ya chini inanuka uvundo — nimeianika kivulini. Na ile rangi ya kahawia kwenye kitambaa siyo uchafu. Ni wanga wa kukazia kola, umeungua ukagandia. Nimekiloweka maji ya vuguvugu, sabuni na ndimu. Halafu brashi laini, polepole. Maji yametoka kama chai!

Sindano akapita. Huyu ni binti fundi cherehani wa mlango wa pili. Mwembamba, na ulimi unachoma, ndo maana wanamwita hivyo. Akachungulia ndani. "We kaka! Meza ya watu umeivua nguo mchana kweupe, haioni haya?"

Jibu zuri nililipata. Ila alishaondoka.

Jumatano, 6 Machi
Kimesinyaa! Nilikianika jua la utosi, kosa langu. Meza imetoa pua nje. Mjomba kacheka mpaka kakohoa, akasema nikipeleke kwa fundi.

Sindano kakiongezea kipande cha buluu, na kamba mpya. Pini kazibana mdomoni. Akauliza, hivi wewe huwa unaongea na nani? Nikasema, "Na pasi."

Alicheka pini zikamwagika! Tukaziokota wote wawili, chini ya cherehani. Nimemchekesha mtu. Mimi!

Mjomba kanifundisha kukivisha. Kisiwe kikavu — kiwe na unyevu kidogo, vuta kamba, funga, halafu pitisha pasi. Kinakaza kama ngoma.

Ijumaa, 8 Machi
Kazi safi, hakuna doa. Wanga sasa napulizia nguo ikiwa pembeni, siyo mezani. Jioni nakipangusa kabla sijafunga.

Sindano kaleta suruali za wateja wake. Kasema buluu imenipendeza. Mimi au meza? Sikuuliza.

Jumamosi, 9 Machi
Mama yake Sindano kaja kumwambia Mjomba, kesho mchana wana wageni. Wa posa. Yule mwenye duka la viatu anamtaka Sindano. Chanda chema, mama akasema, wala hakumalizia. Mjomba akasema heri, heri. Yule bwana mtu mzuri, sina la kumsema. Huwa ananisalimia.

Nikasikia harufu. Pasi nimeilaza pale pale! Alama ya kahawia, umbo la pasi kabisa, katikati ya buluu. Nimekivua. Nimekiloweka. Mjomba kaniangalia, kanisogezea ndimu.

Saa kumi Sindano mwenyewe kaleta gauni lake la kesho. Hana utani leo. Nikamwambia kitambaa kimelowa, mpaka asubuhi. Akasema sawa, nitalifuata. Mlangoni akageuka. "Huna la kusema?"

Nikasema asubuhi kitakuwa kikavu.

Mungu wangu. Mdomo gani huu!

Jumapili, 10 Machi
Kimeamka kikavu. Alama imefifia, unaiona ukiitafuta tu. Mjomba kaenda kwa shemeji zake, niko peke yangu. Nimekishika, nimekikunjua, nimekikunja. Halafu nikakichovya tena kwenye ndoo.

Nimekianika kivulini.

Sindano kaja. Kakiminya pale kambani — maji chururu. Kauliza, kwa jua hili? Nikasema bado hakijakauka. Akasema, "Naona." Hakukasirika. Kavuta kigoda, kakaa.

Mama yake kaita kutoka ng'ambo ya barabara, gauni vipi?

"Bado, mama! Kitambaa cha meza hakijakauka!"

"Kitambaa gani tena? Si una pasi yako mwenyewe hapo dukani!"

Kweli anayo. Naiona kila siku. Kubwa kuliko yetu.

Sindano kainamisha kichwa, masikio yamemwiva. Gauni liko magotini kwake, mikunjo tele. Naandika nimesimama, daftari juu ya meza tupu, maana mikono haina kazi. Moyo unanienda mbio kama cherehani.

Kaniuliza naandika nini. Nikasema, yale nisiyoweza kuyasema.

Nimelisema hilo kwa sauti! Limetoka!

Kasema basi nimsomee. Mama yake ameanza kuvuka barabara, ameshika kanga mkononi, anatembea kwa hasira. Sindano hajainuka.

"Soma basi, kabla hajafika."