Ngumi kwenye Mkebe

Kochi,

Niaje huko uliko. Tangu tukuzike Machakos ni miezi minne, na bado Jumamosi nikifika uwanjani Sarang'ombe macho yanatafuta ile kofia yako.

Ulipoenda, wazazi walinipa mimi kushika pesa ya timu ya watoto. Si nilisomea hesabu, walisema. Nikaona ule mkebe wako wa siagi wa kukusanyia pesa ni mambo ya kizamani. Kila mtoto alikuwa anaingiza mkono akiwa amekunja ngumi, anaachilia alichonacho, anatoa. Hata kama hana kitu. Hapo ulikuwa mkali: "Mkono uingie. Kila mtu." Halafu unahesabu, na ikikosa kufika ya uwanja na refa unasema tu, "Tutajipanga," unaingia mfukoni, na wewe ni kibarua wa mjengo, wa kulipwa kwa siku.

Mimi nikaleta mambo ya uwazi. Wazazi watume kwa simu, na kila Ijumaa naweka kwa grupu ya wazazi majina ya waliolipa. Pesa iliongezeka, Kochi, sikudanganyi. Nikajipiga kifua. Wiki ya tatu watoto saba hawakuja. Achieng, golikipa wako anayeishi Kambi Muru, nilimpata kwao akifua. Nikamuuliza mbona hakuja. Akaangalia beseni, akasema, "Jina langu halikuwa kwa listi."

Kochi, nilichezea timu yako miaka mitano, na miwili ya hiyo, mama akiwa hana kazi, niliingiza ngumi tupu kila Jumamosi. Wenzangu hawakuwahi kujua. Wewe lazima ulijua, ndio ulikuwa umeshika mkebe. Na kati ya watu wote, mimi ndio nikasahau. Nimeona aibu sana. Nisamehe.

Listi nimefuta. Mkebe nilienda kuuomba kwa mama watoto wako. Alikuwa ameuwekea chumvi, akaimwaga kwa sufuria bila kuniuliza kitu. Jumamosi wamerudi watano, Achieng akiwemo. Pesa haikufika. Nikasema "Tutajipanga," nikaingia mfukoni.

Pumzika, Kochi. Wale wawili waliobaki nitawafuata mpaka mlangoni kwao. Na kila Jumamosi ngumi ya kwanza kuingia kwa mkebe itakuwa yangu. Saa hii iko na kitu ndani.

Wako,
Mueni