Moto Niliouomba

Baba Keza,

Unakumbuka tulivyoanza? Nilikuwa nimetoka Ngara juzijuzi, nimepanga chumba Nyamirambo, mkaa uko kwenye jiko na kiberiti kimelowa. Nikamwambia jirani, naomba moto. Yeye kwa wema wake akatoka barabarani akaniitia pikipiki, maana hapa Kigali moto ndiyo pikipiki ya abiria. Ukaja wewe, kofia ya pili mkononi, ukauliza, "Dada, tunaenda wapi?" Nami nimesimama na koleo. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Miaka yote uliwasimulia watu kwamba nilitaka moto nikaletewa wewe.

Sikuandikii kukuuliza unarudi lini. Nakuandikia habari ya gari.

Ile feni ya hita uliyosema imekufa, haikufa. Misimu miwili ya mvua nimemfunga Keza blanketi asubuhi tukitoka nyumbani Batsinda, kifua chake kikikoroma, na mimi nafuta ukungu kwenye kioo kwa leso ili nione njia. Ulisema, "Usiiguse, mota imeungua, wewe hutaelewa." Nikakuamini, kama nilivyokuamini pale getini ulipopanda moto na begi lako ukasema Kampala ni wiki mbili tu.

Juzi Keza alikohoa njia nzima. Nikapitia kwa fundi wa magari kule Rwezamenyo, nikamwambia moto hautoki. Akachungulia nyuma yangu. "Moto iko wapi? Mimi naona gari." Ningecheka, lakini wa kucheka naye hayupo. Nikamweleza upya: hita, feni.

Alinipa taa nimshikie. Akaanza na fyuzi, akakuta ni nzima. Akaiunga feni moja kwa moja na betri, ikavuma, vumbi na majani makavu vikanirukia usoni. Mota nzima, Baba Keza. Basi akafungua dashibodi akatoa swichi. Plagi yake imeyeyuka upande mmoja, na nyuma yake kuna kijiti cha kiberiti kimebanwa ili nyaya zigusane, kimeungua nusu. Akauliza nani kafanya hivi. Nikasema, mwenye gari.

Kumbe ulijua. Ulibana kijiti, kilipoungua ukaona rahisi kusema mota imekufa, na mtoto akapigwa na baridi. Nilikaa na kile kijiti kiganjani nikijiuliza ni mangapi mengine nyumbani kwetu uliyabana hivyo ukanyamaza.

Fundi alipata swichi nyingine na plagi yake. Nikamwomba aniache niichomeke mwenyewe. Nikawasha gari, nikazungusha moja, mbili, tatu, feni ikaitika kila namba. Tukangoja injini ichemke. Hewa ikaanza kuwa ya vuguvugu, halafu ya moto kabisa, na mimi kwa furaha nikasema kwa sauti, "Moto umekuja!"

Keza alikuwa amesinzia kiti cha nyuma. Akainuka upesi, akabandika uso dirishani, akawa anatafuta barabarani. Maana kwake moto ni ile iliyokuchukua.

"Papa yuko wapi?"

Nilimvuta mbele, nikampakata, nikaiweka mikono yake midogo penye tundu la hewa.

"Si ile, mwanangu. Ni huu."

Akavikunjua vidole kimoja kimoja.

Sasa usiku analala bila kukoroma, na asubuhi naiona njia yote mpaka chini. Kaa salama huko huko uliko.

Ni mimi Mama Keza, yule wa koleo.