Kurasa za Mwisho za Mji wa Tanuri

Ibra, Ijumaa

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza kifua chako kimepoa vipi na wadogo zangu wanalalaje, nakiri kwako jambo ambalo hata Shangazi hajalisikia: nimemdanganya Babu, na sasa naona haya kukaa naye.

Wajua macho yake hayaoni tena. Kila siku baada ya sala ya alasiri hunywa kahawa, nami humsomea. Vitabu tulivyokuja navyo tumevimaliza mara tatu. Mwalimu wetu wa Kiingereza akanipa kitabu kilichokuwa kikikaa bure kabatini, historia ya mji mdogo wa milimani huko Marekani. Namfasiria kwa Kiswahili, mstari baada ya mstari. Yeye ameuita Mji wa Tanuri.

Mwanzo palikuwa na mto, kinu cha kusaga mahindi na nyumba nne. Kisha yakaonekana makaa ya mawe mlimani, ikatandikwa reli, likajengwa tanuri kubwa la kuyeyushia chuma. Watu wakamiminika: Wataliani, watu weusi kutoka kusini, wakulima walioacha mashamba yao. Yakaja maduka, skuli, hata maktaba. Moshi ulichafua nguo kambani na wanawake hawakununa, kwani moshi ulikuwa ndio mshahara.

"Leo wamefika wapi watu wangu?" Babu huuliza kabla sijafungua. Nikimwambia umejengwa mtaa mpya, hujipiga paja. "Si nilikwambia? Mji ukiwa na kazi, watu huja. Na Ibra sasa ina lami, ina umeme. Mama yako atakuja."

Mama, skuli sina wa kuzungumza naye. Nikijibu swali, wasichana wa nyuma husema, "Polepole, Zinjibariya," yaani mtu wa Zanzibar kwa Kiarabu chao, "ulimi wako bado uko njiani!" Nacheka nao, kisha nangoja alasiri. Watu wa mji ule ndio marafiki zangu.

Jumatano nilisoma mbele peke yangu. Tanuri lilizimwa. Vijana wakapanda gari la moshi kutafuta kazi miji mingine, wakaahidi kurudi, na wengi hawakurudi. Alasiri nikamwambia Babu kuwa walijenga tanuri la pili, watu wote wakabaki, na kitabu kimekwisha. Akanyoosha mkono nimpe. Akapapasa kurasa zilizobaki kwa kidole gumba.

"Mbona bado kinene?"

"Picha tu, Babu."

"Picha nyingi," akasema, akanirudishia. Jana hakuniita.

Niliiacha barua hapo juu, nikaenda kwa Babu. Sasa ndio narudi. Alikuwa barazani, birika la kahawa limepoa.

"Babu, zile si picha."

"Najua. Soma."

Nikasoma zote. Pale vijana wanapoondoka akaweka mkono juu ya ukurasa. "Na mimi nilikuwa mmoja wao," akasema. "Nilitoka Ibra hii hii kwenda Zanzibar, nikamwahidi mama yangu kurudi baada ya miaka miwili. Niliporudi, hata kaburi lake nilionyeshwa na watu." Akaondoa mkono kitabuni. "Na waliobaki walifanya nini?"

"Walilima viazi kando ya reli."

"Haya. Hilo nalo mwandikie mama yako."

Mama, kila barua yako inasema karatasi za safari ziko karibu. Kama ziko karibu, alhamdulillahi. Kama haziko, niambie haziko. Usiniambie ni picha.

Wabusu wadogo zangu. Nisalimie jirani yetu aliyenifunza kushona, na mjomba umwambie kofia aliyompa Babu bado anaivaa. Shangazi anakusalimu, amejaza tende kopo zima akingoja mtu wa kukuletea.

Barua hii nimemsomea Babu yote kabla ya kuifunga, na uongo wangu pia. Akaomba kalamu. Nikamshika mkono, akatia jina lake chini ya langu.

Mwanao,
Salma

Babu yake,
Nasor